Kawa Juu ya Sahani

Wazee wa mwambao wana neno wanalolipenda kuliko mengi: sitara. Mwili una sitara yake, nyumba ina sitara yake, hata chakula kina sitara yake. Ndiyo maana ukindu ukasukwa ukawa kawa, na sahani ikafunikwa kabla haijavuka ua kwenda kwa jirani. Katika makala haya nataka kuuliza swali ambalo kwa miaka mingi nililiona dogo, mpaka liliponikaba mwenyewe: je, mambo ya ndani ya nyumba, yale ya kila siku, kupika na kula na kukaa, yanafaa kuandikwa? Na kama yanafaa, ni nani mwenye haki ya kuifunua sahani?

Swali hili nimerudi nalo Unguja kutoka Kilwa Masoko, nyumbani kwa mama yangu mkubwa, ambaye umri wake umepita sabini. Ilikuwa mwisho wa Juni 2024. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilikuwa kimeipiga pwani ya kusini, mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, na magari yakalala njiani. Nilipopita mimi njia ilikuwa imekwisha funguka. Lakini kusi lilikuwa limeshika, na bahari ya kusi haina huruma na ngalawa. Samaki walipopatikana walikuwa wachache, tena ghali.

Nilikwenda kupumzika na kuandika. Nilichukua daftari jipya na kujiwekea sharti moja: kila jioni niandike tulichokula, tulichosoma na tulichotazama, basi. Nilidhani wiki isiyo na tukio ndiyo kipimo cha kweli cha maisha, kwa kuwa matukio humjia mtu mara chache, lakini chakula cha mchana humjia kila siku.

Jumamosi tulikula wali wa nazi na changu wa kupaka. Jumapili asubuhi ilikuwa chai ya tangawizi na vitumbua, na mchana ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichoungwa kwa tui zito. Jumatatu tulipata mbaazi za nazi, na usiku wali kwa mchuzi wa pweza. Jumanne mama mkubwa alichemsha ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu wa Lindi na Mtwara huichimba na ambayo wengi wetu wa visiwani hatuijui. Nilisifu kila sahani, na kila sifa niliiandika.

Vitabu nilikwenda navyo viwili. Kimoja kilikuwa *Wasifu wa Siti Binti Saad* wa Shaaban Robert. Macho ya mama mkubwa hayasomi tena, basi alasiri nilimsomea, naye anachambua mchele. Kilichomshughulisha si sifa za mwimbaji wala sahani zake za santuri. Ni vyungu alivyokuwa akiuza yule binti wa Fumba kabla jina lake halijajulikana. Aliniuliza vilikuwa vya ukubwa gani, na alivibeba vipi mpaka mjini. Alishangaa kwamba mtu wa Tanga, tena mshairi mkubwa, alikaa akaandika habari za mwanamke muuza vyungu. "Alimwuliza lakini?" akasema. Sikuwa na jibu, nikafungua ukurasa uliofuata.

Usiku wa Jumanne tulikwenda kwa jirani kutazama filamu ya Kihindi iliyotiwa Kiswahili kwa namna tunayoifahamu sote, sauti ya mfasiri mmoja ikizifunika sauti za waigizaji wote, mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto. Chumba kizima kilitoa machozi. Mama mkubwa peke yake alikuwa mkavu. "Mama huyu analia tangu magharibi," alisema, "na kila mtu hapo anakula. Kapika saa ngapi?" Watu walicheka, nami nikacheka. Nikamkumbuka Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii hii ya kusini, ambaye katika *Wakati Ukuta* alilifanya jambo la binti kutaka kwenda sinema liwe ugomvi wa kutikisa nyumba nzima. Alijua kwamba mambo makubwa hupitia mlango mdogo. Mimi nilikuwa bado sijajua. Nililiandika swali la mama mkubwa kama kichekesho.

Hadi hapo daftari langu lilikuwa zuri. Msomaji angelipitia angesema: hii ni nyumba ya amani.

Jumatano usiku niliamka kutafuta maji ya kunywa. Jikoni nilimkuta mama mkubwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, sufuria mapajani, anakwangua ukoko wa wali na kuuteremshia kwa chai kavu. Hapakuwa na mchuzi wala sahani nyingine. Aliponiona hakusema neno. Alinyoosha mkono akachukua kawa, akaifunika sufuria.

Hapo ndipo hesabu ya siku nne ikanijia yote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nikila ukumbini, sinia moja na wajukuu wake wawili. Kila mara nilipomwambia, "Karibu tule, mama," alinijibu, "Kuleni wanangu, mimi nitakula jikoni." Ni desturi, na sikuiona ajabu, nimekulia ndani yake. Lakini samaki wa Jumamosi walikuwa watatu, na sisi ukumbini tulikuwa watatu. Pweza wa Jumatatu alikatwa vipande ambavyo vyote nilivikuta siniani. Niliamini kwamba anakula jikoni kwa kuwa kuamini kulinifaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakunipa jembe, nami sikulitafuta.

Sasa, msomaji, tazama shida yangu. Nikiliacha daftari lilivyo, nimeandika uwongo, maana amani ile ilinunuliwa kwa njaa ya mtu ambaye hakutajwa. Nikiandika nilichokiona, nimevua sitara ya mwanamke aliyenilea, tena katika jambo ambalo mwenyewe alilifunika kwa mkono wake mbele ya macho yangu.

Kilwa ni mahali pazuri pa kulifikiri jambo hili, kwa sababu ni mji ulioandikwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Anasimulia kwamba siku moja baada ya sala ya Ijumaa fakiri mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, na sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumlipa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husomwa kuwa kisa cha ukarimu, na kweli ni cha ukarimu. Lakini hesabu waliomo. Mtoaji tunamjua kwa jina na lakabu. Mpokeaji tunamjua kwa umaskini wake. Watu ishirini waliotolewa hatuwajui kwa lolote ila idadi, nao wamewekwa karibu na pembe. Msafiri huyu huyu alipokuwa Mogadishu alituachia hata orodha ya chakula: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Aliyepika hakuandikwa.

Watu waliokula Kilwa na aliyewapikia tunawatafuta sasa kwa koleo na brashi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na tangu 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wamechimba Songo Mnara kwa kuzitazama hasa sakafu za nyumba na maisha ya kila siku ya waliokaa humo. Ni kazi ya heshima. Kigae cha chungu kinasema kilichopikwa, na mwiba wa samaki unasema kilicholiwa. Lakini hakuna sakafu inayoweza kusema ni nani aliyekula na ni nani aliyesema nitakula jikoni. Hilo lataka shahidi, na shahidi ni mtu wa ndani. Asiposema yeye, halisemwi milele.

Hii ndiyo hoja ya kuandika, na ina nguvu. Hoja ya kunyamaza nayo si dhaifu. Maskini ana mali chache, na sitara ni mojawapo. Jiko la tajiri halifunuliwi na waandishi. Lina ukuta na mlinzi. Tukisema kila kitu kiandikwe, tutakaowavua ni wale wale wasio na mlango wa kufunga. Na tena kuna faida isiyogawika sawa: mwandishi atapata sifa kwa uchungu wake wa moyo, naye aliyeandikwa atapata kuhurumiwa, jambo ambalo huenda hakulitaka hata kidogo.

Nililipima hili usiku ule wote, na ni ile kawa iliyonionyesha njia. Nikakumbuka kwamba nimewahi kuiona ikifanya kazi mbili. Jumapili mama mkubwa alimtuma mjukuu kwa jirani mjane na sahani iliyofunikwa. Kawa ile ilifunika ili mpokeaji asiaibike mbele ya njia nzima. Jumatano kawa hiyo hiyo ilifunika ukoko. Safari hii aliyekingwa na aibu ni nani? Mama mkubwa alidhani anajikinga yeye. Labda alidhani ananikinga mimi nisisikitike. Kwa kweli niliyekingwa ni mimi, mla samaki, nisijue bei ya nilichokula. Kawa ya kwanza ilimlinda mnyonge. Ya pili ilimlinda aliyeshiba.

Basi naona kanuni ni hii. Sitara ni haki ya yule ambaye akifunuliwa ataumia, naye peke yake ndiye wa kuiachia au kuishika. Aliyefaidika na kule kufunika hana haki ya kujificha nyuma yake na kusema, "Mambo ya nyumbani hayasemwi." Wengi wanaolisema neno hilo kwa ukali, ukiwatazama vizuri, ni watu waliokula ukumbini.

Na jambo hili halikomei kwenye nyumba. Gesi asilia ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya hii hii ya Kilwa, imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu 2004, na sisi tuliowasha taa zetu tumeshukuru. Mama mkubwa anapikia mkaa, na mkaa ukiadimika anapikia kuni na vifuu vya nazi. Sisemi kwamba bomba lingeishia jikoni mwake. Nasema tu kwamba nchi nayo ina ukumbi wake na jiko lake, na watu wa jikoni hawaulizwi kama wamekula.

Alhamisi asubuhi nilichukua kikapu nikaenda sokoni bila kuaga, nikarudi na samaki, mchele, nazi na sukari. Nilikuna nazi mwenyewe, vibaya, na wajukuu walinicheka. Mama mkubwa hakufurahi. Alisema nimemgeuza mgeni katika nyumba yake. Ilinibidi nimwombe radhi, na nilijifunza kwamba hata kutoa kunaweza kuwa kufunua.

Ijumaa, baada ya sala, alikubali kukaa nasi kwenye sinia moja. Ingependeza niseme kwamba hapo mambo yalitengenea. Hayakutengenea. Kila kipande kizuri alichokifikia kwa vidole alikisukuma upande wa watoto, kwa wepesi wa mkono uliofanya hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Desturi ya umri wote haiondoki kwa mchana mmoja.

Tulipomaliza nilimsomea daftari, la Jumatano likiwemo, nikamwuliza kama ninayo ruhusa. Nilimwambia kwamba akikataa nitalichana mbele yake. Alikaa kimya muda mrefu, akikusanya punje za wali zilizomwagika mkekani.

"Andika," alisema. "Lakini ukiandika kwamba mimi nilikula ukoko, andika na kwamba wewe ulikula samaki."

Nimeandika. Tangu nirudi Unguja humpigia simu kila Ijumaa na kumtumia nilichojaaliwa. Humwuliza kama amekula, naye hunijibu, "Nimekula mwanangu, alhamdulillahi." Sijui kama hilo ni jibu au ni kawa. Kwa hiyo siku hizi, tukimaliza kuzungumza, namwomba simu ampe mjukuu mdogo, na namwuliza yeye: bibi leo kala nini, na kala wapi?