Ukuta wa Mwizi na Uzio wa Mbwa

Kaa hapo, mwanangu. Jirani amekuja tena na mtoto wake, suruali imeraruliwa gotini na mbwa wako. Hakugomba. Mimi nilitamani agombe, maana aliyenyamaza vile subira yake imefika ukingoni.

Ukuta wako nimeuona. Umepandisha matofali, juu ukapachika vigae vya chupa, ukalala usingizi. Chupa zinamzuia mwizi atokaye nje. Mbwa wako yumo ndani, naye hana haja na juu. Nenda uchungulie chini ya geti: mvua imekula udongo, mkono wangu unapita mpaka kiwikoni, na kwenye ncha ya bati yamenasa manyoya yake. Miezi yote hii unamlaumu mtoto wa kazi kwamba halifungi geti!

Huko nyuma ya nyumba ndiko kunakonichosha. Seng'enge zile nyuzi nne ni za ng'ombe. Mbwa hujipenyeza katikati, akarudi na mgongo umechanika. Minyaa nayo hupukutika chini, ikaacha mianya, na utomvu wake ukimwingia machoni utamtafutia daktari. Wavu wa kuku usinitajie kabisa. Nunua wavu mzito wa waya, wa futi sita kwa mbwa wa kimo kile. Ufukie futi moja ardhini. Kama ardhi ni mawe, ukunje ulale upande wa ndani, ushindilie mawe juu. Akichimba atakutana nao. Fito za kulala zigongwe upande wa nje, zikiwa ndani umemtengenezea ngazi. Na lile rundo la matofali uliloliegemeza ukutani, liondoe.

Usinijibu kwamba utamfunga mnyororo. Mbwa wa kufungwa mchana kutwa hugeuka mkali, na siku mnyororo ukikatika ndipo utakapojuta. Dume lile lihasiwe pia, maana jike likiwa na joto mtaa wa pili, hakuna uzio atakaouheshimu.

Siogopi suruali, naogopa kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya wanaoambukizwa hupata kwa mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ukimbie hospitali. Uzururaji wa mbwa una madhara mengine: mwaka 1994 kama theluthi ya simba wa Serengeti walikufa kwa maradhi mengine ya mbwa, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa.

Fundi akija Jumamosi aanze na geti, amwage zege kizingitini. Wavu utafuata ukipata fedha. Kwa jirani nenda leo, kabla ya magharibi, wewe mwenyewe, na kadi ya chanjo ya mbwa mkononi. Suruali ulipe bila kuuliza bei.