Kazi ya Kwanza ya Adamu

Somo: Mwanzo 2:4–15



Jumapili iliyo kabla ya Sikukuu ya Kupaa, Kanisa letu tangu zamani huombea mashamba, mvua na mazao. Huko Uingereza desturi ilikuwa padri na waumini watoke kanisani, waizunguke mipaka ya mtaa wao kwa miguu huku wakiomba. Lakini sisi tukaao Nairobi, wengi wetu hatuna shamba ila lile la wazee kule nyumbani. Je, siku hiyo tuombee ardhi gani? Tunazo bustani za mji na misitu yake, ambayo ni yetu sote. Kwa hiyo twataka kusema nanyi juu ya hizo.

Tutazame Neno. Mungu anapanda bustani, kisha anamweka mtu ndani yake aifanyie kazi na kuilinda. Angalieni vema mahali neno hili lilipo. Limo katika sura ya pili, na dhambi inaingia katika sura ya tatu. Basi kazi ya jembe haikuanza kama adhabu. Miiba na uchungu vilifuata baadaye. Kazi yenyewe ilikuwa zawadi. Tena Adamu hakuambiwa kwamba bustani ni mali yake. Mwenyewe ni Mungu, naye Adamu ni mtunzaji.

Sisi tumezoea kinyume. Uwanja wa nyumbani kwetu twaufagia alfajiri, lakini tukipita katika bustani ya mji twatupa pakiti ya maziwa, twasema, "Hii ni ya serikali." Na kitu tunachokiita cha serikali, mnyang'anyi hukiona kuwa hakina mwenyewe.

Mji wetu umeyaona hayo. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliandika barua nyingi kuupinga, akatukanwa na kudhihakiwa, lakini jumba lile halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama waliokuwa wakiwalilia wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa walikusanyika katika bustani hiyo hiyo. Polisi walipowafukuza kwa nguvu, walipata kimbilio karibu, katika Kanisa Kuu letu la Watakatifu Wote. Kisha mwezi wa Januari 1999, Profesa Maathai alipigwa na kuumizwa alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa watu binafsi. Leo Karura ungali umesimama, karibu hekta 1,000, na watoto wetu hukimbia humo.

Lakini msitu ukiokolewa kwa mnyang'anyi, bado haujatunzwa. Karura ilikaa miaka mingi watu wakiogopa kuingia kwa sababu ya wezi. Ilibidi wajirani na idara ya misitu washikane mikono, wajenge ua, waweke walinzi, na kujitolea kwa kazi ya mikono. Kazi moja ni kuing'oa lantana, kile kichaka chenye maua ya rangi ya machungwa na waridi. Ni mmea uliotoka Amerika, nao huisonga miche ya miti yetu ya asili hata ikakosa nuru. Ukiikata kwa panga tu, huchipuka tena kutoka kisikini. Sharti ichimbwe pamoja na mizizi. Ndiyo maana kazi hii ni rahisi zaidi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Kila Mkristo aliyewahi kupambana na dhambi yake anajua tofauti ya kukata na kung'oa.

Sasa mtu atasema, "Mimi ninafanya kazi ofisini toka Jumatatu, nimechoka." Ndugu, tujiulize ni uchovu wa namna gani. Twaketi ndani ya matatu, twaketi mezani, twaketi mbele ya televisheni. Shinikizo la damu na kisukari vimeingia katika nyumba zetu, na majina ya wagonjwa tunaowaombea kila Jumapili yanashuhudia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila juma. Asubuhi moja ya kufyeka, kuchimba mashimo na kubeba maji ni sehemu nzuri ya dakika hizo, na haidai ada kama ukumbi wa mazoezi.

Mwingine atatukumbusha kwamba Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kuwa mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Ndivyo. Lakini kidogo si bure, tena Paulo analinganisha na utauwa, ambao faida yake haina mwisho. Aliyewaandikia Wakorintho kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu hakutufundisha kuliacha hekalu libomoke. Na mtu anyooshapo mgongo wake kwa ajili ya kivuli cha jirani asiyemjua, hapo zoezi la mwili na utauwa vimeshika mpini mmoja.

Wenzetu wa Uingereza wamelijaribu jambo hili. Mwaka 1998, katika kijiji cha Sonning Common, daktari mmoja, William Bird, alishirikiana na chama cha kutunza mazingira kuanzisha makundi ya watu wanaofanya mazoezi kwa kutunza bustani na misitu. Huanza kwa kunyoosha viungo, kila mtu huchagua kazi nzito au nyepesi kwa kadiri ya nguvu zake, na katikati hupumzika kwa chai. Hakuna lililo geni kwetu hapo. Babu zetu walilimiana mashamba, na baada ya jembe palikuwa na uji.

Basi tuanze, japo mara moja kwa mwezi. Tumwone kwanza mwenye mamlaka ya mahali, tusije tukang'oa mche tukidhani ni gugu. Tuvae viatu vya kufunika. Wenye shinikizo la damu au moyo dhaifu waulize zahanati kwanza. Wazee wetu waokote karatasi, au wawafundishe vijana majina ya miti, maana wakiondoka wao yatapotea nayo. Wala tusiende na bendera ya kanisa ili tuonekane. Yeremia aliwaagiza watu waliohamishwa Babeli wautakie amani mji ule wa kigeni. Sisi je, tulio katika mji wetu wenyewe?

Asubuhi ya Ufufuo, Mariamu Magdalene alimwona Bwana bustanini asimtambue, akamdhania kuwa ndiye mtunza bustani. Hakukosea sana. Bwana wetu hakuona aibu kudhaniwa hivyo. Basi nasi tusione aibu kuonekana na udongo mikononi. Mungu aibariki kazi ya mikono yetu, na wale watakaoketi chini ya miti hiyo tukiwa tumekwisha kulala. Amina.