Mbegu au Tawi?

Soma Marko 4:26–29.

Waridi la jangwani humea porini katika sehemu kame za Kenya na Tanzania, na wengi hulipanda kwenye vyungu mbele ya nyumba. Huoteshwa kwa njia mbili. Ukikata tawi na kulichomeka udongoni, utapata maua yaleyale ya mti mama, tena mapema. Ukisia mbegu, itachipua baada ya wiki moja hivi kukiwa na joto, lakini maua huenda ukayangoja mwaka, miwili au zaidi, na rangi yake huwezi kuijua kwa hakika mpaka yafunguke.

Kwa nini basi wengi huchagua mbegu? Mche wa mbegu hunenepa chini, karibu na mizizi, na katika unene huo huweka akiba ya maji ya kiangazi. Mche wa tawi mara nyingi haunenepi vizuri hivyo.

Hapa pana swali kwa kila mzazi na kila mwalimu wa Shule ya Sabato: Je, tuna haki ya kutaka watoto wetu wawe matawi yetu? Kijana anayeomba kwa maneno ya baba yake na kujibu lesoni kama mama yake hutupendeza mapema. Lakini akienda chuoni, katika mji asikojulikana, ataishi kwa akiba ya nani? Wanawali wapumbavu wa Mathayo 25 waligundua usiku wa manane kwamba kuna mafuta yasiyoazimwa.

Mtu atauliza: Je, Methali 22:6 haituagizi kumlea mtoto katika njia? Inatuagiza. Mbegu nayo haiachwi ijilee. Hutaka jua, udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na mkono wa kiasi, kwa maana maji yakizidi mche huoza. Vivyo hivyo, kumwonyesha mtoto njia ni wajibu wetu. Na kumwachia nafasi ya kuuliza, hata swali linalotutisha, ni sehemu ya wajibu huohuo. Mtu yule wa mfano wa Yesu hakuwa mvivu: alipanda, na wakati ulipofika alivuna. Katikati alilala na kuamka, mbegu ikakua asijue jinsi gani. Alijua mpaka wa kazi yake.

Maswali ya Kujadili

1. Ni swali gani la vijana ambalo darasa lenu hulinyamazisha? Kwa nini?
2. Tutatofautishaje kungoja kwa imani na kutojali?
3. Mtoto akichanua kwa rangi tusiyoitarajia, tutapimaje kama ni kosa au ni karama?