Wajibu wa Ethan Frome

Mtu akibaki katika ndoa isiyo na mapenzi kwa sababu hana nauli ya kuondokea, je, tumhesabie kuwa ametimiza wajibu? Swali hili hunijia kila nisomapo Ethan Frome, riwaya fupi ya Edith Wharton iliyotoka mwaka 1911.

Ethan ni mkulima wa Starkfield, kijiji cha kubuni katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako theluji huwafungia watu majumbani miezi mizima. Aliacha masomo ya ufundi baba yake alipofariki. Kisha mama akaugua, na mwishowe akawa hasemi. Zeena, ndugu yao, alikuja kumwuguza. Mama alipozikwa, Ethan alimposa Zeena kwa kuogopa kubaki peke yake na ukimya wa nyumba ile wakati wa baridi. Haukupita mwaka, Zeena naye akaanza kuugua, na kunyamaza.

Baadaye akaletwa Mattie Silver, yatima wa ukoo wa Zeena, afanye kazi za nyumbani kwa chakula na malazi, bila mshahara. Yeye na Ethan wakapendana kimyakimya. Zeena alipoamua kumfukuza, Ethan aliwaza kutoroka naye kwenda magharibi. Lakini shamba na kiwanda chake cha mbao vilikuwa rehani, na fedha ya nauli ya watu wawili hakuwa nayo. Basi akatoka kwenda kwa Andrew Hale, mnunuzi wa mbao zake, amwombe dola 50 kwa kisingizio cha ugonjwa wa mkewe.

Njiani akakutana na Bi. Hale, naye akampa pole kwa taabu zote alizozipata. Ethan akaona haya. Angewezaje kuwalaghai watu wanaomhurumia? Akageuka, akarudi nyumbani.

Wanachuo niliowafundisha ualimu walizoea kumtupia Zeena lawama zote. Mimi humtazama zaidi mama huyu mwema. Hapakuwa na kasisi wala hakimu njiani siku ile. Lilikuwapo neno moja la huruma, nalo likamfunga. Angetukanwa, nadhani angeendelea na safari yake.

Wako wausifuo uaminifu wake, nami siukatai. Ila jioni ile ile, Mattie alipomsihi wapande kibao cha kuteleza juu ya theluji wakajigonge kwenye mti mkubwa wafe pamoja, alikubali. Aliyeshindwa kumdanganya jirani kwa dola 50 aliweza kumwachia mke mgonjwa shamba la rehani na maiti mbili. Hapo wajibu ulikuwa wapi? Naona alichokilinda kwa Bi. Hale kilikuwa heshima yake machoni pa watu, kitu ambacho maiti haikihitaji.

Hawakufa. Ethan alibaki kiguru, Mattie akapooza, na Zeena, yule mgonjwa wa siku zote, akainuka akawauguza wote wawili kwa zaidi ya miaka 20.

Wharton mwenyewe alipata talaka mwaka 1913, baada ya miaka 28 ya ndoa. Alikuwa na mali yake na kalamu yake. Zeena hakuwa na kimoja wala kingine, na sijui kama tumewahi kumwuliza kama yeye naye angependa kuondoka.