Ibada Isiyo na Siku Yake

Jumamosi asubuhi, Kendu Bay huwa na utulivu wake. Wasabato, ambao misheni yao ya Gendia ilianza mwaka 1906, wamefunga biashara na kwenda kusali. Kesho yake ni zamu ya Wakatoliki na Waanglikana, na kule Migori waumini wa Legio Maria, ambao kitovu chao ni mlima wa Got Kwer, wanaonekana barabarani na kanzu zao za rangi. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, ukimjua mtu anasali siku gani umeshakaribia kulijua dhehebu lake. Dini ya Sikh haina siku ya namna hiyo. Wale tuliozoea kuwaita Makalasinga hukusanyika Jumapili hapa Kenya kwa kuwa ndiyo siku nchi inapopumzika, bali hakuna siku ya juma waliyoamriwa kuitakasa kuliko nyingine. Wala hawana tabaka la makuhani wa kubeba utakatifu kwa niaba ya wengine. Naamini upungufu huo, kama ni upungufu, ndio nguvu ya imani yao. Dini isiyo na siku yake inalazimika kuishi Jumatatu, karakanani na sokoni, la sivyo haina pengine pa kuishi. Na ingawa Wasikh ni wachache upande huu wa ziwa, na nyumba zao za ibada zinazojulikana, gurudwara, ziko mbali, Kisumu na Kericho, jambo hilo linatuhusu sana sisi wa huku.

Mafundisho ya Usikh ya kila siku yanabebwa na nguzo tatu: kulikumbuka jina la Mungu, kujipatia riziki kwa jasho la halali, na kula pamoja na wengine kile ulichopata. Msikh huamka kabla ya mapambazuko, akaoga, akasoma sala zake, kisha akatoka kwenda kazini. Na kule kazini ndiko sala ya alfajiri inakopimwa. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hii, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, hakuwa mtawa wa pangoni. Alioa, akazaa watoto, na baada ya safari zake ndefu alikaa Kartarpur akilima shamba hadi alipofariki mwaka 1539. Kabla ya hapo alikuwa mtunza ghala katika mji wa Sultanpur. Mapokeo ya Wasikh yanasimulia kwamba siku moja alikuwa akiwapimia watu nafaka kwa kuhesabu. Alipofika kumi na tatu, neno ambalo kwa lugha yake linasikika sawa na “yako”, moyo wake ulimgeukia Mungu, akaendelea kupima huku akirudia neno hilo hilo: yako, yako, yako. Ghala lilipokaguliwa halikupungua kitu. Mtu anaweza kuipokea hadithi hii kama muujiza au kama fumbo. Ninachokiona mimi ni mahali ilipotokea: mwanzilishi wa dini anakutana na Mungu akiwa na kipimo mkononi, katikati ya wateja.

Kipimo hicho hatuhitaji kukifuata Punjab. Kwetu ni gorogoro, mkebe wa bati unaopimia mahindi na maharagwe kuanzia Migori hadi Mbita. Kila mnunuzi analijua gorogoro lililobonyezwa kitako kikaingia ndani, kiasi kwamba mkebe unajaa mpaka kilele huku mteja akiwa amepunjwa viganja viwili. Mwenye mkebe huo huenda hakosi kanisani hata juma moja. Sisemi kwamba anasali kwa unafiki, kwa maana anaweza kuwa analia machozi ya kweli mbele ya madhabahu. Shida ni kwamba amefundishwa kuyatenga mambo mawili: kuna saa ya Mungu na kuna saa ya soko. Usikh unaukataa mgawanyo huo tangu mizizi yake.

Hapa yafaa kujihadhari, maana neno “kazi ni ibada” limetumiwa sana na matajiri kuupaka utajiri wao mafuta matakatifu. Mtu akitoa jasho jingi, basi alichopata ni baraka, hata kama wengine wameumia. Mapokeo ya Wasikh yana jibu kali kwa hilo. Nanak alipofika katika mji mmoja alilala kwa Bhai Lalo, fundi seremala maskini, akakataa karamu ya mkubwa mmoja aliyeitwa Malik Bhago. Alipoulizwa sababu, inasimuliwa kwamba aliuminya mkate mgumu wa seremala ukatoa maziwa, na andazi la tajiri likatoa damu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mtu amefanya kazi. Lazima kuulizwe chakula chake kimeminywa kutoka kwa nani. Fuo za Homa Bay zinalijua swali hilo kwa uchungu wake. Mvuvi amekesha majini na jasho lake ni la kweli, lakini palipo na jaboya, pale mwanamke anapolazimika kuutoa mwili wake ndipo apate samaki wa kwenda kuuza, mkate ule ukiminywa utatoa nini?

Wapo watakaosema: kama dini ni kazi na haki, kilemba na bangili ni vya nini? Je, Nanak mwenyewe hakuzikemea ibada za mapambo? Alizikemea. Na bado mwaka 1699 Guru Gobind Singh, wa kumi katika mfululizo wa viongozi ulioanza na Nanak, alipounda udugu wa Khalsa aliwapa alama tano: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptula ya ndani na jambia dogo. Sioni mgongano hapo. Alama hizi haziachwi mlangoni mwa hekalu kama joho la kwaya, mtu hushinda nazo. Bangili hukaa kwenye kifundo cha mkono, ule ule unaoshika nyundo, unaohesabu noti na kutia sahihi, na Wasikh wengi huieleza kama ukumbusho kwa mkono kabla haujatenda. Mwenye kilemba, tena, hawezi kudanganya kisha akapotelea ndani ya umati. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alitambulika na nchi nzima kwa kilemba chake. Kujitambulisha hivyo ni kujiweka rehani kwa majirani.

Pingamizi lililo zito zaidi ni lingine. Wasikh wamekaa nasi tangu reli ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, lakini jamii yao imejifunga: wanaoana wenyewe kwa wenyewe, na ukoloni uliwapa ngazi iliyo juu ya Mwafrika. Usawa wao uko wapi? Lawama hii ina ukweli na haifai kuoshwa kwa maneno matamu. Nanak alipinga matabaka, na mfuasi anayemdharau kibarua wake amemkana Nanak, hata kilemba chake kikiwa kimenyooka vipi. Lakini haki inataka tuutazame na upande wa pili. Makhan Singh, aliyezaliwa katika familia ya Kisikh, alijenga chama cha wafanyakazi miaka ya 1930 kilichowakusanya Waafrika na Wahindi, kisha serikali ya kikoloni ikamfunga tangu 1950 hadi 1961. Siwezi kudai kwamba dini ndiyo iliyomsukuma, kwa sababu siasa zake zilikuwa za kikomunisti. Nadai tu kwamba anayesema jamii hiyo haikuzaa mshirika wa Mwafrika amesahau historia. Nenda pia Makindu, kwenye barabara ya Mombasa. Gurudwara ya pale ilijengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote, wa kabila na dini yoyote, huvua viatu, hufunika kichwa, akapewa chapati na dengu bila kulipishwa. Chakula hicho cha pamoja huitwa langar. Hakuna meza ya wakubwa wala anayeulizwa ametoka wapi. Najua mlo mmoja hauvunji ukuta wa rangi uliojengwa kwa miaka mingi. Hata hivyo ni vigumu kuendelea kumwona mtu kuwa duni baada ya kumpakulia chakula kwa mikono yako mwenyewe na kuziosha sahani alizolia.

Kwa hiyo simwombi Msabato wa Gendia aiache Jumamosi yake, wala muumini wa Got Kwer avue kanzu. Ombi langu ni dogo, na linamhusu kila auzaye kwa kipimo, kuanzia soko la Migori hadi fuo za Mbita: Jumatatu, kabla mteja wa kwanza hajafika, pindua gorogoro lako utazame kitako chake.