Sadaka ya Mkeka



Je, hela ya kubeti inaweza kutolewa sadaka? Na kama aliyeipata hakubahatisha tu, bali alikaa chini akapiga hesabu, jibu linabadilika?

Siulizi kwa nadharia. Mwana-VIWAWA mwenzetu mmoja wa Maili Moja, Kibaha, anataka kuchangia elfu arobaini kwenye safari yetu ya hija Pugu, na mweka hazina amesita kuipokea. Mwenyewe anasema ile ni jasho lake. Nimeliona daftari lake na ninakiri kwamba jasho lipo. Kila timu ya Ligi Kuu ina alama. Ikishinda ugenini kwa kigogo inapanda sana, ikimfunga kibonde nyumbani inapanda kidogo. Kuna safu ya majeruhi, kuna safu ya safari, maana timu iliyotoka Kigoma kwa basi si sawa na iliyolala kwao. Kuna hata safu ya viwanja, kumbukumbu ya enzi zile Ruvu Shooting wanacheza Mabatini, Mlandizi, ambako wakubwa hawakwenda kutalii.

Hajabuni kitu cha ajabu. Arpad Elo aliwapangia wacheza chesi alama kwa mantiki hiyohiyo, na tangu 2018 FIFA inapanga timu za taifa kwa njia ya namna hiyo. Kwenye mbio za farasi, kama zile za Ngong kule Nairobi, kuna mtu ambaye kazi yake ni kumpa kila farasi alama. Kisha farasi mwenye alama nyingi anabebeshwa uzito zaidi, ili hata mnyonge awe na nafasi.

Hapo kwenye uzito ndipo wengi hatupaoni. Odi zinafanya kazi kama ule uzito. Yanga ni wazuri, sawa, lakini kila mtu anajua, kwa hiyo odi yao imeshashushwa. Kumjua mwenye nguvu hakukupi kitu. Inabidi ujue kuliko bei inavyojua. Na bei yenyewe haikupangwa kwa upendo. Tuseme mwenyeji ana odi 2.10, sare 3.30, mgeni 3.40. Gawanya 100 kwa kila moja, jumlisha: unapata kama 107, siyo 100. Ile 7 ya juu ni ya kampuni kabla mpira haujaanza. Ukifunga mechi kumi kwenye mkeka mmoja, ile 7 inajizidisha mara kumi. Na hata kama kila mechi ina nafasi ya 70 kwa 100, zote kumi kutiki ni chini ya mara 3 katika 100. Rafiki yangu analijua hili, ndiyo maana anacheza mechi moja moja, kwa hela ndogo iliyobaki baada ya kodi ya chumba na chakula.

Kanisa halimhukumu kwa hilo. Katekisimu, namba 2413, haisemi kubeti kwenyewe ni kinyume cha haki. Inasema kunakuwa kubaya pale kunapomnyima mtu mahitaji yake au ya wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya mchezo inaweza kukufanya mtumwa. Rafiki yangu anapita kwenye mtihani huo, labda kwa shida kidogo ukihesabu saa anazolipa lile daftari.

Lakini hesabu zake zimempa swali gumu kuliko la yule anayebahatisha. Vijiweni tunasema "tunampiga Mhindi." Jina lenyewe si la haki kwa majirani zetu, tuliache, ila angalia wazo lililomo: kwamba tunachukua kwa tajiri fulani asiyeumia. Si kweli. Kampuni inalipa washindi kutoka kwenye dau za walioshindwa. Ukiwa na daftari zuri, hela yako inatoka kwa asiye na daftari. Kadiri hesabu zako zilivyo nzuri, ndivyo huwezi tena kusema hukujua inatoka wapi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliliuliza swali letu karibu neno kwa neno: je, mtu anaweza kutoa sadaka kwa mali aliyoipata vibaya? Alipofika kwenye michezo ya kamari alitaja mapato ambayo lazima yarudishwe. Kuna yaliyopatikana kwa asiye na uwezo wa kutoa mali yake, kama mtoto. Kuna yaliyopatikana kwa udanganyifu. Na kuna ya yule aliyemvuta mwenzake acheze kwa tamaa ya faida.

Hilo la mwisho ndilo linalogusa Maili Moja. Katika ile elfu arobaini, elfu kumi na mbili tu ndiyo ya mikeka yake mwenyewe. Elfu ishirini na nane alipata kwa kuuza "mkeka wa uhakika" kwenye grupu la WhatsApp, elfu mbili kila mmoja. Mmoja wa wanunuzi ni dereva wa bodaboda Kisarawe, anayepandisha abiria vilima vya kutokea Pugu. Alimwamini mwenye daftari, akaweka hesabu ya bosi ya siku nzima. Mkeka ukachanika. Muuzaji hakupoteza kitu: elfu mbili yake ilishaingia. Neno "uhakika" aliliandika mtu anayejua fika maana ya 70 kwa 100.

Kwa hiyo maoni yangu kwa mweka hazina, na anaweza kunipinga: elfu kumi na mbili apokee, bila kumtazama mtu vibaya. Elfu ishirini na nane asipokee hata shilingi. Si kwa sababu ni chafu mno kwa altare, bali kwa sababu ina wenyewe. Rafiki yangu anasema hawezi kuwakumbuka wote. Walituma kwa simu. Majina kumi na manne yako kwenye meseji za miamala, na namba zao ziko palepale.