Sukari na uhuru wa mtu

Tukisikia habari ya utumwa wa kinywa, tunafikiri upesi pombe na tumbako. Sukari hatuifikirii. Ni furaha ya watoto, ni heshima ya mgeni. Haimwangushi mtu njiani, haileti ugomvi usiku. Lakini yuko mtu asiyeweza kunywa chai pasipo vijiko vitano, wala kupita dukani pasipo kununua limonadi. Akikosa siku moja, ana hasira na watu wote wa nyumba. Mtu huyu tumwite bwana ao mtumwa?

Wenye elimu hawajapatana bado kama sukari inamfunga mtu sawasawa na pombe. Lakini mambo mengine yanajulikana. Kitu kitamu kinafurahisha ubongo, na ubongo unakumbuka furaha ile na kuitaka tena. Sukari ya kunywa inaingia upesi katika damu, lakini haishibishi kama chakula cha kutafuna. Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba sukari isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa mtu mzima ni karibu gramu 50 kwa siku, ndiyo vijiko vidogo 12. Akishuka mpaka gramu 25, ni vema zaidi. Katika hesabu hiyo wametia sukari tunayoongeza sisi ao kiwanda, asali na maji ya matunda. Tunda zima halihesabiwi. Basi chupa ya nusu lita ya limonadi inaweza kuwa na gramu 50 peke yake. Kipimo cha siku kimekwisha, na mtu hajala bado.

Tuseme mtu ameyasikia hayo, anataka kujiwekea sheria ya chakula. Hapo yanatokea maulizo matatu.

La kwanza: anayejifunga kwa sheria, je, hapotezi uhuru wake? Wengine wanasema: «Mimi ni mtu huru, ninakula ninachotaka.» Tulipime neno hilo. Asubuhi mtu huyu anataka mwili wenye afya. Jioni anataka chupa. Ni mtu mmoja, lakini mapenzi yake mawili yanapigana. Lipi ni lake kweli? Ninajibu: ni lile alilolichagua akili ikiwa imetulia, naye anajua sababu. Mvuvi wa ziwa anafunga mtumbwi wake kwenye mti usiku. Hauzuii kusafiri, anauzuia kuchukuliwa na upepo, na kesho atakwenda anakotaka yeye. Ndivyo ilivyo sheria ya chakula. Kwa hiyo ichaguliwe wakati umeshiba, siyo mbele ya meza ya duka.

La pili: tuchague sheria gani? Kuacha kabisa ao kupunguza? Aristote, mwenye hekima wa Wayunani, alitoa mfano wa Milon, mpigana mieleka mwenye nguvu sana. Chakula kinachomtosha mtu anayeanza mazoezi ni kidogo mno kwa Milon. Basi kiasi chema si hesabu moja kwa watu wote. Kinatazama mtu mwenyewe. Tena alifundisha kwamba aliyeelemea upande mmoja inampasa kujivuta upande wa pili, kama watu wanavyonyosha mti uliopinda.

Basi kila mtu ajichunguze. Kama kijiko kimoja kinakuita vijiko vitano, afazali uache kabisa kwa muda. Ulimi unazoea, na chai isiyo na sukari inapata ladha yake yenyewe. Kama unaweza kusimama katikati, punguza kijiko kimoja kila juma. Aliyeacha asimcheke anayepunguza, wala anayepunguza asimwite mwenzake mwenye kiburi. Lakini usiondoe tu. Weka kitu mahali pake. Anayekunywa chai tamu na mkate mweupe asubuhi atakuwa na njaa mapema, na njaa itamrudisha dukani. Ale maharagwe, karanga, yai, sombe, ao tunda zima, na kiu aimalize kwa maji. Anayetumia dawa za ugonjwa wa sukari amwone munganga kwanza, sababu akibadili chakula peke yake, sukari ya damu inaweza kushuka kwa hatari.

La tatu ndilo zito kuliko yote: nani atalipa sheria yangu? Hapa kwetu mtu hali peke yake. Baba akitaka sufuria yake mwenyewe na mboga za bei kubwa, na feza ya shule ya watoto ikatumika, amebadili bwana tu. Jana sukari iliamuru nyumba. Leo sheria ya baba inaamuru. Tena mama aliyepika anaonekana kama mshitakiwa. Sheria njema inamgharimu yule aliyeichagua. Chupa ikiachwa, feza yake ibaki nyumbani, watu wote waione katika chakula.

«Na nikiwa mgeni?» Sema mapema, kwa upole, kabla chai haijatiwa sukari: «Mama, mimi ninakunywa hivi hivi.» Hakuna atakayeona haya. Kama imekwisha kutiwa, mbele ya wafiwa ao mzee maskini aliyekopa sukari kwa ajili yako, pokea na kushukuru. Sheria hii ulijiwekea mwenyewe, na upendo una haki juu yake. Lakini anayetafuta kuwa mgeni kila siku, moyo wake unamjua.

Na ukianguka? Aristote alifundisha pia kwamba wema unapatikana kwa kutenda mara nyingi, kama fundi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Tofali moja likivunjika, fundi habomoi ukuta, anachukua lingine. Usingoje mwaka mpya wala mwezi mpya. Chakula kinachofuata ndicho cha kuanzia.

Basi leo jioni, maji yakichemka, shika kijiko na uhesabu. Usijidanganye hata kwa kimoja. Anayejua hesabu yake ameanza kujitawala.